Kiini kinachoishi milisekunde 9 kinapimwaje ukubwa? Uzi wa lithiamu-11 na miale ya viini adimu

#1 Mtunguja (mleta uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Kuna jamaa aliuliza humu, wanasayansi wanajuaje umbo la kiini cha atomu, kitu ambacho hadubini yoyote haikioni, tena kitu chenyewe kinakufa kabla hujapepesa jicho. Akajibiwa kwa matani mpaka uzi wake ukazama. Swali lilikuwa zuri. Nalijibu hapa kwa kumtumia mhusika mmoja tu, lithiamu-11, maana ukimwelewa huyu wengine wote wanaeleweka.

Lithiamu ya kwenye betri ya simu yako ina protoni 3 na nyutroni 4, na chache kati yake zina nyutroni 3. Hizo ni tulivu. Ukiongeza nyutroni unapata lithiamu-8 na lithiamu-9, zina mionzi na hazidumu hata sekunde moja. Lithiamu-10 haishikani kabisa, inaachia nyutroni hapo hapo. Ungetegemea biashara iishie hapo. Lakini lithiamu-11, protoni 3 na nyutroni 8, inashikana! Nusumaisha yake, yaani muda ambao nusu ya viini vyake hufa, ni milisekunde 8.7 hivi.

Huwezi kuwa na kipande cha lithiamu-11 ukakiweka mezani ukakirushia chembe, kwa sababu hakitakusubiri. Kwa hiyo kazi inageuzwa: kile adimu ndicho kinakuwa risasi, na kitu cha kawaida, mfano kaboni, ndicho kinakuwa shabaha. Hiyo ndiyo maana ya mwale wa viini vyenye mionzi.

Mwaka 1985, Berkeley, California, Isao Tanihata na wenzake walitumia mtambo wa kuongeza kasi ulioitwa Bevalac. Ioni nzito za kawaida (atomu zilizopokonywa elektroni) zinapigwa kwenye berili, zinavunjika vipande vya kila aina, kisha sumaku zinachuja vipande unavyovitaka. Vipande vya lithiamu vinaendelea mbele kwa mwendo wa karibu asilimia 84 ya mwendo wa mwanga. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo huo, milisekunde 8.7 zinatosha kwenda kilomita 2,200 hivi, yaani Dar hadi Kigoma na kurudi kwa mstari ulionyooka. Ukumbini hapo kinatakiwa kusafiri mita kadhaa tu. Kwa hiyo muda tunaouona sisi ni mfupi mno, kwa kiini chenyewe ni muda wa kutosha na chenji inabaki.

Sasa kipimo. Unaweka shabaha ya pili njiani, unahesabu vimeingia viini vingapi na vimetoka vingapi vikiwa vizima. Visivyotoka vizima vimegonga. Fikiria bajaji mbili zinapita usiku kwenye uchochoro wenye vibanda huku na huku, moja tupu, moja imefungwa magodoro yametokeza pande zote. Huzioni, lakini ukihesabu vibanda vilivyogongwa utajua ipi ni pana. Na angalia, magodoro ni mepesi, hayakuongeza uzito wa maana ila yameongeza upana. Shikeni hapo, nitarudi.

Matokeo kwenye kaboni: lithiamu-9 ilitoa eneo la kugonga la karibu bani 0.80 (bani ni kipimo cha eneo cha watu wa viini). Lithiamu-11 ikatoa bani 1.04. Ukigeuza hizo kuwa nusukipenyo, lithiamu-9 ina femtomita kama 2.3, na lithiamu-11 inapita 3 (femtomita ni sehemu moja ya trilioni ya milimita).

Kwa kanuni ya kitabuni, nusukipenyo cha kiini kinafuata kipeuo cha tatu cha idadi ya chembe zake. Kutoka 9 kwenda 11 ongezeko lilitakiwa liwe asilimia 7. Likaja zaidi ya asilimia 30.

Nakunywa chai narudi.

#2 KomboMjanja

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Mleta uzi usituache njiani kama yule wa uzi wa nyota.

#3 Sauda_Hesabu

Asante mkuu, ila mimi sijashawishika bado. Bajaji yako inaweza kuwa haina magodoro yoyote. Inaweza kuwa na bodi ndefu tu iliyopinda. Kiini kikiwa kimejivuta kama yai, kikija kwa ubavu kitagonga zaidi, na wastani wa eneo unapanda. Kwa nini walikimbilia kusema kuna kitu chepesi kimetandaa nje?

#4 Ngosha wa Buzuruga

Mnaongea lugha gani humu? Anyway ngoja waje wataalamu.

#5 Mtunguja (mleta uzi)

Sauda umepiga penyewe. Na tena Tanihata na wenzake hawakukimbilia. Makala yao ya 1985 iliacha milango yote miwili wazi: ama kimepinda, ama kuna sehemu ya nje iliyotandaa.

Walioleta hoja ya halo, yaani utando mwepesi uliotandaa nje ya kiini, ni Gregers Hansen na Björn Jonson, mwaka 1987. Hoja yao ilikuwa ya nishati. Kwenye kiini cha kawaida, kung'oa nyutroni moja kunagharimu kama elektronivolti milioni 8 (elektronivolti ni kipimo cha nishati). Kwenye lithiamu-11, kuzing'oa ZOTE MBILI za mwisho kunagharimu chini ya milioni 0.4 (kipimo cha maabara ya TRIUMF kule Vancouver cha mwaka 2008 kilitoa elektronivolti 369,000 hivi). Chembe iliyofungwa kilegevu namna hiyo, kwa kanuni za kwanta, haikai ndani ya ukuta. Inatumia muda wake mwingi nje, mahali ambapo nguvu ya nyuklia kwa hesabu za kawaida imekwisha kufa. Kwa hiyo unapata kitovu, ambacho ni lithiamu-9, na nyutroni mbili zinazoelea mbali, ndiyo yale magodoro.

Sasa ushahidi dhidi ya wazo la yai. Kule ISOLDE, mtambo wa viini adimu wa maabara ya CERN, mwaka huo huo wa 1987 walipima spini (jinsi kiini kinavyozunguka) na sumaku ya lithiamu-11, na baadaye wakapima jinsi mgao wa chaji yake ulivyotoka kwenye uduara. Chaji iko kwenye protoni, nyutroni hazina. Kama kiini kizima kimevutika, protoni nazo zingevutika. Wakakuta tofauti yake na lithiamu-9 haifiki hata asilimia 15, na vipimo vya karibuni vimeishusha chini ya 10. Kitovu kiko vilevile. Kilichotanuka ni kitu kisicho na chaji.

Ushahidi wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Mwaka 1988 kundi la Kobayashi lilivunja lithiamu-11 na kupima momenta (uzito mara mwendo) ya lithiamu-9 inayobaki baada ya nyutroni mbili kung'oka. Kwa kanuni ya Heisenberg, kitu kilichobanwa sehemu ndogo kina momenta iliyotapakaa, na kilichotandaa kina momenta finyu. Wakakuta mgao una kilele chembamba, finyu mara kadhaa kuliko kile cha viini vya kawaida. Huo ni upana umepimwa kwa njia nyingine kabisa, isiyohusiana na kuhesabu migongano.

#6 Sauda_Hesabu

Hapo nimekuelewa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinasema "ni kipana", cha pili "protoni hazihusiki", cha tatu "kilichotandaa kimefungwa kilegevu". Kila kimoja peke yake hakitoshi.

Ila nina swali lingine. Kama protoni hazihusiki kabisa, nusukipenyo cha chaji cha lithiamu-11 kilitakiwa kiwe sawasawa na cha lithiamu-9. Kiko sawa?

#7 KomboMjanja

Huyu dada ataua mtu humu.

#8 Mtunguja (mleta uzi)

Hakiko sawa, na hapo ndipo pazuri.

Mwaka 2006, TRIUMF tena, kundi lililotoka maabara ya GSI ya Ujerumani lilipima kwa leza. Elektroni za atomu zinauhisi ukubwa wa chaji ya kiini kidogo sana, kiasi kwamba rangi ya mwanga inayomezwa na atomu inasogea kwa sehemu ndogo mno kutoka isotopu moja (aina ya elementi ile ile yenye nyutroni tofauti) hadi nyingine. Kwa lithiamu, yenye elektroni 3 tu, hesabu za nadharia zinaweza kufanywa kwa usahihi wa kutosha ukatenganisha msogeo unaotokana na uzito na ule unaotokana na ukubwa. Wakapata femtomita 2.2 kwa lithiamu-9 na karibu 2.5 kwa lithiamu-11.

Kwa nini kimeongezeka? Kwa sababu nyutroni mbili za nje zikiwa upande mmoja, kitovu kinasukumwa upande wa pili ili mizani ya uzito wa kiini kizima isihame. Kitovu kinacheza. Chaji haijatanuka, ila inayumba, na leza inaona wastani wa kuyumba huko. Ukitumia kipimo hicho unaweza hata kukadiria kama nyutroni mbili zinapenda kukaa pamoja upande mmoja au kila moja upande wake. Zinapenda kukaa upande mmoja.

Na nyutroni mbili peke yake hazishikani. Lithiamu-9 na nyutroni moja hazishikani (ndiyo ile lithiamu-10). Lakini watatu wakiwa pamoja wanashikana, ondoa yeyote na wote wanaachana. Wanafizikia wanaviita viini vya Borromeo, kutokana na pete tatu zilizo kwenye nembo ya familia ya Borromeo ya Italia.

#9 Mwanakijiji Halisi

Mimi nauliza kama mlipa kodi. Mtambo wa namna hii ni mabilioni. Kitu kinaishi milisekunde 9, hakiuzwi, hakiliwi. Faida yake ni ipi? Tusifichane.

#10 Mtunguja (mleta uzi)

Kodi yako mkuu haijaenda huko, tulia. Lakini swali ni halali.

Jibu la moja kwa moja: lithiamu-11 yenyewe haina kazi. Kinachotafutwa ni sheria za nguvu inayoshikanisha viini, na sheria hizo tulizijifunza kwa viini tulivu ambavyo ni kama 250 tu. Viini vilivyokwisha kuonekana ni zaidi ya 3,000, na nadharia zinakadiria vinavyoweza kuwepo ni kama 7,000. Ulikuwa unaamua tabia ya watu wote kwa kuwatazama waliotulia peke yao.

Na dhahabu unayoijua ya Geita haikutengenezwa ardhini. Nusu hivi ya elementi nzito kuliko chuma zilitokana na mchakato wa kumeza nyutroni haraka haraka, na njia yake inapita kwenye viini adimu vyenye nyutroni nyingi mno, vinavyoishi muda mfupi. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni zilionekana zikigongana, na mwaka 2019 watafiti wakatambua strontiamu kwenye mwanga wa tukio lile. Ukitaka kuhesabu dhahabu ilipatikana kiasi gani pale, unahitaji uzito na nusumaisha za viini ambavyo duniani vinapatikana kwenye mitambo hii tu. Usipopima, unakisia.

#11 Lushois

Salamu kutoka Lubumbashi. Mimi si mtu wa fizikia lakini habari ya madini ninaijua. Shinkolobwe iko huku kwetu Katanga, radiamu ya Wabelgiji miaka ya 1920 ilitoka pale. Nilisoma mahali kwamba wamegundua radiamu ina umbo la pea. Ni ile ile yetu?

#12 Mtunguja (mleta uzi)

Karibu sana ndugu. Ni elementi moja, isotopu tofauti. Radiamu ya Shinkolobwe ni ya 226, mtoto wa ukoo wa urani-238, na inaishi miaka 1,600. Iliyopigiwa picha ya umbo la pea ni ya 224, ambayo kwa asili iko kwenye ukoo wa thoriamu na inakwisha kwa siku chache. Ilifanyika ISOLDE, matokeo yakatoka 2013.

Njia yao ilikuwa tofauti na ya Berkeley. ISOLDE inapiga protoni zenye nishati ya elektronivolti bilioni 1.4 kwenye kipande kinene cha kabaidi ya urani kilichopashwa moto hadi kama nyuzi 2,000. Viini vipya vinazaliwa ndani ya kipande, vinajipenyeza kwenda nje kama mvuke, leza zinaving'oa elektroni, halafu sumaku inachuja. Unapata mwale msafi na wa polepole. Ubaya wake, kuna elementi hazitoki kwenye kipande hata ukikipasha vipi, na zinazotoka taratibu zinafia ndani. Njia ya kuvunja ioni zikiwa kwenye mwendo haina tatizo hilo, ila mwale wake una fujo zaidi.

Kwa radiamu-224, waliuongezea mwale kasi kidogo kisha wakaupitisha karibu na viini vizito vya shabaha, bila kugusana. Umeme wa viini unavisukuma viingie kwenye hali ya juu ya nishati, navyo vinaporudi chini vinatoa miale ya gama. Ukihesabu gama za kila nishati unajua jinsi chaji ilivyopangwa. Ikatoka mwisho mmoja mnene, mwingine mwembamba.

#13 Ngosha wa Buzuruga

Urani? Kwa hiyo ile ya Mkuju kule Namtumbo inaweza kwenda huko?

#14 Mtunguja (mleta uzi)

Mtambo kama ule unatumia kipande kidogo tu, si tani. Soko la Mkuju ni vinu vya umeme. Tusihamishe uzi.

#15 Baba Zuhura (Lansing)

Mkuu uzi umeenda shule. Nipo Michigan, na mtambo mpya wa mambo haya, FRIB, uko ndani ya chuo kikuu cha jimbo hapa East Lansing. Ulianza kazi Mei 2022, gharama ilikuwa dola milioni 730. Ukipita barabarani hudhani kuna kitu, maana handaki la mtambo liko karibu mita 10 chini ya ardhi. Mstari wa kuongeza kasi umekunjwa kuwa mistari mitatu sambamba ili utoshe kwenye eneo. Una vyumba 46 vya ubaridi ambamo vifaa vinapozwa kwa heliamu hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri.

Jambo ambalo watu hawalijui: mwale wa kuanzia mara nyingi ni kalsiamu-48, ambayo ni asilimia 0.19 tu ya kalsiamu ya asili. Kuitenganisha ni bei mbaya. Wanaithamini kila miligramu.

Swali langu kwa mleta uzi: habari ya namba za ajabu ikoje siku hizi? Sisi tulifundishwa 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126, ukizitaja unapata alama zako. Nasikia zimevunjika.

#16 Mtunguja (mleta uzi)

Shukrani kaka, hiyo ya kalsiamu nimeichukua.

Namba hizo Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walizielezea vizuri mno wakapata Nobel 1963. Kiini chenye idadi hiyo ya protoni au nyutroni ni kigumu kutikisa. Kipimo chepesi cha ugumu ni nishati ya kukipandisha ngazi ya kwanza yenye spini 2. Silikoni-34 ina protoni 14 na nyutroni 20. Ngazi yake hiyo iko elektronivolti milioni 3.3. Kigumu kweli. Sasa ondoa protoni mbili tu, usiguse nyutroni hata moja, unapata magnesiamu-32. Nyutroni bado ni 20. Ngazi hiyo inaporomoka hadi milioni 0.89! Na mwaka 1995 taasisi ya utafiti ya RIKEN ya Japani, kwa njia ile ile ya kupita karibu bila kugusa, walionyesha kuwa kimevutika sana. 20 imekufa pale. Dalili za mwanzo zilikuwa zimeonekana 1975 kwenye uzito wa sodiamu adimu, CERN, watu wakabaki wanakuna vichwa.

Kwingine zinazaliwa mpya. Oksijeni-24 ina nyutroni 16 na inajifanya ngumu. Kalsiamu-54 ikaonyesha 34 mwaka 2013. Halafu nikeli-78, yenye protoni 28 na nyutroni 50, ilipopimwa RIKEN mwaka 2019 ikatoa milioni 2.6, yaani zile za zamani bado zimesimama pale. Namba hazikuvunjika zote. Zinategemea nani yuko jirani: nguvu kati ya protoni na nyutroni inasogeza ngazi juu au chini kadiri unavyojaza upande wa pili.

#17 Sauda_Hesabu

Basi oksijeni-28 ndiyo mtihani mkubwa. Protoni 8, nyutroni 20, zote mbili za kwenye orodha.

#18 Mtunguja (mleta uzi)

Walifanya, na majibu yakatoka 2023. RIKEN tena. Walichukua mwale wa florini-29 wakaupiga kwenye hidrojeni ya kimiminika ili kung'oa protoni moja. Kinachobaki ni oksijeni-28. Ikasambaratika palepale kuwa oksijeni-24 na nyutroni 4, na walizikamata nyutroni zote nne kwa pamoja na kujumlisha nishati zao. Kukamata nyutroni moja ni kazi, maana haina chaji na inapita kwenye vigunduzi bila kuacha alama mara nyingi. Nne kwa mpigo ni kazi ya subira. Na hakuna dalili kwamba 20 ilikisaidia chochote.

#19 Mwanakijiji Halisi

Sawa, nimeelewa kidogo. Huku Afrika kuna yeyote anayefanya haya au tunasoma tu?

#20 Baba Zuhura (Lansing)

Afrika Kusini wapo. Maabara ya iThemba LABS, pale Faure nje ya Cape Town, wana saiklotroni (mtambo unaoongezea chembe kasi kwa kuzizungusha) ya elektronivolti milioni 200 kwa miaka mingi, imetumika kwa viini na pia isotopu za hospitali. Na watu wa Chuo Kikuu cha Western Cape waliongoza jaribio la selenium-70 kule ISOLDE. Vijana wa kwetu Afrika Mashariki wanaweza kuingia kwa kupitia huko.

#21 KomboMjanja

Swali la mwisho kabla sijalala. Ukiendelea kuongeza nyutroni unafika wapi? Kuna mahali kiini kinasema sasa basi?

#22 Mtunguja (mleta uzi)

Upo mpaka, na ukiuvuka nyutroni inadondoka hapo hapo. Kwa lithiamu ni hiyo 11 yetu. Kwa oksijeni ni 24. Kwa florini 31 na neoni 34, hizo mbili zilithibitishwa RIKEN mwaka 2019. Ona kilivyo kituko: ongeza protoni moja tu kwenye oksijeni na unaruhusiwa nyutroni 6 zaidi. Tangu mwaka huo, neoni ndiyo elementi nzito kuliko zote ambazo mpaka wake umejulikana. Mwaka 2022 wakaipata sodiamu-39, na kwa sodiamu hakuna aliyethibitisha kama ndiyo ya mwisho au kuna nyingine mbele yake.